Jogoo wa uzi: shajara ya kuutoa mchoro karatasini na kuupeleka kwenye mashine ya kudarizi

Januari 11. Jaribio la kitufe kimoja

Mashine yangu ya kudarizi ni ya nyumbani: sindano moja, fremu ya kuwambia kitambaa ya milimita 100 kwa 100, basi. Maua yaliyokuja nayo nimeshayashona hadi nimeyachoka. Sasa nataka jogoo. Nimemchora mwenyewe kwa wino na penseli za rangi: kifua mbele, mkia umefumka, upanga mwekundu kichwani, na chini ya miguu neno moja, KUMEKUCHA. Awe na urefu wa milimita 75, neno likae chini yake, na vyote viende kwenye kifua cha fulana.

Naandika kila hatua inapoisha ili mwenye kutaka kufuata njia hii asitumbukie nilikotumbukia. Gharama nitazihesabu kwa saa, uzi, sindano na vitambaa, maana ndivyo vinavyoniisha.

Leo nimempiga picha kwa simu, nikaiingiza kwenye programu niliyoazima, yenye kitufe kinachogeuza picha kuwa mishono bila kukuuliza swali. Dakika mbili tu, tayari. Kwenye skrini jogoo alipendeza hadi nikaanza kupanga nitawashonea akina nani.

Kwenye kitambaa ilikuwa habari nyingine. Mishono 14,870, rangi 11, uzi kukatwa mara 47. Nyekundu ilishonwa, ikaondoka, ikarudi, ikaondoka, ikarudi tena, na kila mara ni mimi ninayebadilisha uzi, kwa sababu mashine ya sindano moja haina msaidizi. Kifuani programu ilikuwa imelaza kahawia, juu yake chungwa, juu yake tena njano, bila kutoboa lililo chini. Sindano ilipofika hapo ikaanza kugonga kama mtu anayepiga hodi kwa hasira, kisha ikakatika. Nikaweka nyingine, nikamaliza. Kifua kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu.

Na kando ya mkia palikuwa na kiraka cha kijivu chenye umbo la yai, nadhifu kabisa, mishono mia tatu na ushei. Nilikigeuza huku na huku, sikukielewa. Nikarudi kwenye karatasi: ni alama ya kidole gumba changu. Niliushika mchoro kwa mkono wenye vumbi la penseli, na mashine imenidarizia uchafu wangu kwa uaminifu wote.

Programu sina la kuilaumu. Iliona kijivu, ikakipa uzi wa kijivu. Haijui jogoo ni nini wala kidole ni nini.

Gharama: jioni nzima, sindano 1, uzi wa mita 75 hivi (nakadiria mita 5 kwa kila mishono 1,000), kipande cha shuka kuukuu.

Januari 14. Kusafisha, na kuachana na kitufe

Mchoro nimeupitisha kwenye skana badala ya simu, kwa hiyo kivuli cha mkono hakipo tena. Nimefuta uchafu, nimepunguza rangi hadi 5, nikahifadhi kama faili la picha la PNG badala ya JPEG. JPEG huacha vumbi la pikseli kwenye mipaka ya rangi. Jicho halilioni, lakini programu inaliona, na kila chembe inadai mshono wake.

Kisha nikaweka Inkscape, programu ya bure ya kuchora vekta (michoro ya mistari inayoongozwa na nukta), na ndani yake Ink/Stitch, nyongeza ya bure inayoifundisha Inkscape mambo ya mishono. Picha iko tabaka la chini, imefungwa isisogee, na mimi nachora upya juu yake. Niliwahi kujaribu kuiacha kompyuta ifuate mipaka yenyewe: bawa moja likaja na nukta 190. Nililichora kwa mkono kwa nukta 14 na likatoka zuri zaidi. Nukta zikizidi, ukingo hutetemeka, na uzi hauufichi mtetemo huo hata kidogo.

Januari 18. Uzi ulale vipi

Siku nzima imekwenda kwenye swali hili, na sijutii. Njia za uzi kukaa kwenye kitambaa ni tatu. Nyingine zote ni watoto wa hizo. Kuna mshono wa mstari, mmoja mbele ya mwingine, ambao nimeupa kucha. Kuna satini, uzi unaokwenda na kurudi ukingo hadi ukingo, unaong'aa. Huo nimeupa upanga, miguu, na mstari mweusi unaomzunguka jogoo. Na kuna mshono wa kujaza, safu kwa safu kama shamba lililolimwa matuta, kwa ajili ya kifua na bawa.

Satini huchorwa kama ngazi: reli mbili, na vidato vya kuvuka vinavyoielekeza sindano pa kuelekea. Saa nzima nimeipoteza kwa kidato kimoja kilichoishia unywele mmoja kabla ya kugusa reli ya pili. Kwa macho kilikuwa kimegusa. Kuza mchoro hadi mwisho kabla hujaanza kutukana.

Upana wa satini una mipaka yake. Chini ya milimita 1, sindano inachoma karibu mahali pale pale mpaka kitambaa kinatoboka. Ikipita milimita 7 hivi, nyuzi zinakuwa ndefu, zinalegea, zinanasa kwenye kila kitu. Unyoya mkubwa wa mkia ulikuwa na milimita 9, nikaugeuza kuwa wa kujaza.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni mkia wenyewe. Kwenye karatasi nilitumia kijani tatu: ya giza, ya kati na ya kung'aa. Nikakumbuka kwamba uzi wa kudarizi hung'aa kulingana na upande unaolala. Nikafuta kijani mbili, nikabaki na moja, kisha kila unyoya nikaupa pembe yake kufuatana na unavyopinda: digrii 20, 45, 70, 110. Kwenye skrini zote zinaonekana rangi moja bapa, hakuna uzuri wowote. Nangoja kitambaa kiseme.

Mpangilio: Ink/Stitch hushona kuanzia kitu cha chini kwenye orodha kwenda juu. Kwa hiyo mkia, mwili, bawa, upanga, miguu, na mweusi mwisho. Kila rangi mara moja tu.

Januari 19. Mwanya mweupe

Mkia umekubali! Ukiushika karibu na dirisha na kuugeuza, manyoya yanapokezana mwanga, na ni kijani ile ile moja.

Kifua kimekataa. Kati yake na mstari mweusi pamebaki mwanya mweupe, kushoto na kulia. Juu na chini hakuna mwanya. Huko kifua kimeuvuka mstari na kutokeza nje. Nilidhani kitambaa kimesogea kwenye fremu, nikashona tena nikiwa nimekikaza zaidi. Mwanya ule ule, mahali pale pale. Nikachukua rula: kifua nilichokichora kwa upana wa milimita 38 kimetoka na 36.5.

Hapo ndipo nilipoelewa. Safu zangu zote zililala kwa mlalo. Kila mshono unapokazwa unavuta kitambaa kuelekea katikati yake, na mishono mia kadhaa ikivuta upande mmoja, umbo linapungua upande huo. Safu nazo zinasukumana, kwa hiyo umbo linarefuka kwa upande unaokingama na mishono. Mchoro kwenye skrini hauna kitambaa cha kuvutwa, ndiyo maana huko kila kitu kilikuwa kimekutana vizuri.

Jicho ndilo lililonichekesha. Nilichora duara kamili la milimita 5. Limetoka jembamba na refu, kama mbegu iliyosimama, na jogoo wangu anaonekana kama amepata habari mbaya.

Gharama: vipande 2 vya shuka, mita 60 hivi za uzi, saa 3.

Januari 25. Kuudanganya mvuto

Kwanza, mishono ya msingi. Chini ya kifua nimeweka safu zilizoachana sana, zimelala kukingama na zile za juu. Kazi yake ni kukishikanisha kitambaa na kiimarishi (ile karatasi ya chini inayokizuia kisinywee) kabla mvuto haujaanza. Wiki iliyopita nilizizima nikidhani ni upotevu wa uzi.

Pili, nimepanua umbo la kifua. Nilianza na milimita 1 kwa tamaa, kikafura nje ya mstari mweusi. Nikarudi hadi 0.4. Mstari wenyewe una upana wa milimita 2 na unashonwa mwisho, kwa hiyo ukingo wa kifua unajificha chini yake hata ukikosea kidogo.

Tatu, nafasi kati ya safu. Ink/Stitch ilikuja na milimita 0.25, ambayo kwa uzi wangu wa unene wa namba 40 ilikuwa nzito. Nikaruka hadi 0.55, na shuka jeupe likachungulia katikati ya safu. 0.4 ndiyo iliyokaa.

Jicho nimelichora makusudi likiwa limekosewa: upana 5.5, kimo 4.7. Kwenye skrini ni yai lililolala. Kwenye kitambaa ni duara, na jogoo ametulia.

Nimeshona mara nne leo, kila mara nikibadilisha kitu kimoja tu na kuandika kwa kalamu kwenye kitambaa chenyewe, pembeni ya jogoo, nilichobadilisha. Vile vipande vya shuka sasa ni daftari kuliko daftari.

Februari 1. Herufi

Neno KUMEKUCHA niliandika kwa fonti ya kawaida ya kompyuta, kimo milimita 4, nikaligeuza kuwa mishono ya kujaza. Kilichotoka ni kiwavi cheusi. Tundu la A limeziba, mikono mitatu ya E imeungana, na M huwezi kuitofautisha na H. Sababu ni hesabu ya darasa la kwanza: uzi wenyewe una unene wa karibu milimita 0.4. Mkono wa E kwenye herufi ya milimita 4 una nafasi ya nyuzi moja au mbili, na kati ya mkono na mkono hakuna pa kupumulia.

Nikafanya mambo mawili. Nimepandisha kimo hadi milimita 7, na nimetumia herufi za Ink/Stitch ambazo mtu ameshazichora kwa satini, nguzo kwa nguzo. Tofauti si ndogo. Nafasi kati ya U na C nimeisogeza kwa mkono, maana ilionekana kama maneno mawili.

Neno sasa lina upana wa milimita 62. Wanaotaka herufi ndogo kuliko hizi huhamia uzi mwembamba namba 60 na sindano ya saizi 65/9. Sijahitaji.

Februari 2. Jogoo wa bluu

Kosa la dakika kumi, lakini liliniogopesha. Nilihifadhi faili la DST (aina moja ya faili la mashine za kudarizi) kwenye flashi, nikaichomeka, na kwenye skrini ya mashine akatokea jogoo wa bluu mwenye upanga wa zambarau. Kumbe DST haibebi rangi. Inabeba mwendo wa sindano, na mahali pa kusimama ubadilishe uzi. Rangi unazoziona mashine imejipangia. Kushonwa, angeshonwa sawasawa, mradi nifuate orodha yangu. Nimehamia PES, aina nyingine ya faili, ambayo mashine yangu inaisoma pamoja na rangi, na karatasi ya mpangilio wa nyuzi naichapisha hata hivyo.

Na onyo moja nikiwa hapa: usipunguze ukubwa kwenye mashine. Nilimpunguza hadi asilimia 80 kuona itakuwaje. Mishono ilibaki ile ile, ikabanana mahali padogo, na soli ya kiatu ikarudi. Badilisha ukubwa kwenye faili la SVG (mchoro wenyewe wa Inkscape), ambako safu huhesabiwa upya, kisha toa faili jipya la mashine.

Februari 8. Fulana ya kwanza, kiota

Faili limekamilika: mishono 6,940, rangi 5, uzi kukatwa mara 14. Kila kitu kilikuwa tayari. Mishono kama arobaini, mashine ikabadilisha sauti, ikawa nzito, kama inatafuna. Nikaisimamisha. Fulana ilikuwa haiinuki. Chini ya bamba la sindano palikuwa na fundo la uzi la ukubwa wa punje ya mahindi, na fulana imo ndani yake.

Nyuzi zikijazana chini, macho huenda kwenye bobini (kigurudumu cha uzi wa chini). Nikaitoa bobini, nikaisafisha, nikairudisha, nikajaribu kwenye shuka: kiota kingine. Bobini haikuwa na kosa lolote. Uzi wa juu ndio haukuwa umeingia kati ya visahani vya kukaza, kwa sababu niliupitisha mguu wa mashine ukiwa chini. Mguu ukiwa chini visahani hufumba. Uzi unapita nje yake, hauna mkazo wowote, na sindano inaumwaga chini bila breki. Inua mguu, pitisha uzi, shusha mguu, uvute kidogo kwa kidole. Ukiteleza bure, rudia.

Baada ya hapo nikafanya jaribio ambalo ningelifanya tangu Januari: nguzo moja ya satini, kisha nikageuza kitambaa. Uzi mweupe wa bobini ulikuwa unaonekana katikati kama theluthi moja ya upana, na rangi ya juu pande zote mbili. Ndivyo inavyotakiwa.

Gharama: fulana 1, imetoboka nilipokuwa nakata fundo. Imekuwa kitambaa cha kufutia mashine.

Februari 15. Fulana ya pili, nimewamba kupita kiasi

Shuka nililiwamba kwenye fremu hadi likalia kama ngoma, na lilifaa. Nikaifanyia fulana vivyo hivyo. Jogoo alishonwa bila tatizo, mzuri kuliko wote waliotangulia, nikampiga na picha. Nikafungua fremu.

Ilichukua sekunde mbili. Fulana ilirudi kwenye ukubwa wake, jogoo akabaki kwenye ukubwa wake, na kitambaa chote kilichomzunguka kikaingia makunyanzi kuelekea kwake, kama mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba. Pasi haikusaidia.

Kitambaa cha fulana kinanyumbuka. Ukikivuta kabla ya kushona, unashona juu ya ukubwa wa uongo. Na kiimarishi changu kilikuwa cha kuchana, ambacho kwenye fulana kinaachia mapema: sindano inakitoboa toboa hadi kinabaki kama karatasi ya stempu, na kitambaa kinabaki peke yake.

Gharama: fulana 1, mita 35 za uzi, na hamu ya kula jioni ile.

Februari 22. Fulana ya tatu

Safari hii fulana sijaiwamba kabisa. Kwenye fremu nimewamba kiimarishi peke yake, kile kizito cha kukata kwa mkasi, na hicho ndicho kilichokazwa kama ngoma. Juu yake nimepuliza gundi ya muda, nikailaza fulana kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, bila kuivuta. Kisha mishono mirefu kuizunguka ili isiteleze. Sindano nimebadilisha, 75/11 yenye ncha ya mviringo, inayopenya kati ya nyuzi za fulana badala ya kuzikata. Mwendo nimeupunguza hadi mishono 400 kwa dakika.

Sehemu iliyobaki ya fulana niliikunja na kuibana kwa vibanio mbali na fremu, maana kuna watu wameshona mbele na nyuma pamoja, na sikutaka kuwa mmoja wao.

Dakika 40 pamoja na kubadilisha uzi. Nikafungua fremu nimefumba jicho moja. Fulana imelala. Kifua kimekutana na mstari wake, jicho ni duara, KUMEKUCHA inasomeka kutoka upande wa pili wa chumba. Kuna kasoro moja: bawa limekaa juu kidogo kuliko kwenye mchoro, nalijua mimi peke yangu.

Kiimarishi nimekikata kuzunguka jogoo nikiacha nusu sentimita.

Hesabu hadi leo: wiki sita za jioni na wikiendi, fulana 3, sindano 4 (mbili zimekatika, mbili zimechoka), vipande 11 vya shuka, na uzi ambao sikuuhesabu vizuri.

Machi 1. Baada ya kufuliwa

Imefuliwa mara tatu, ikaanikwa, ikapigwa pasi kwa upande wa nyuma. Haijanywea. Kucha mbili za mguu wa kushoto zimefumuka, uzi umesimama wima kama ndevu. Kosa ni langu: mishono ya kufungia kwenye kucha niliizima Januari kwa sababu ilikuwa inaacha vinundu vidogo kwenye mistari mifupi kiasi kile. Nimeiwasha, na badala ya kila kucha kujitegemea nimeziunganisha ziwe njia moja, kwenda na kurudi, kwa hiyo kunafungwa mara mbili tu, mwanzo na mwisho, vyote chini ya satini ya mguu. Faili jipya lina mishono 6,965. Kucha za fulana hii nimezirudishia kwa sindano ya mkono.